Bwana Mistari na Minyaa Iliyopanda Mlima

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliopanda mlima huu asubuhi ya leo kwa miguu yenu, poleni kwa msiba na poleni kwa njia. Vijana walioandaa mahali hapa wanaomba tusirundikane upande wa chini, kwa sababu udongo wa huko haujakaa vizuri. Familia inawashukuru kwa kumsindikiza mzee wetu hadi hapa alipopachagua mwenyewe. Tangu juzi wengi wenu mmeuliza, wengine kwa adabu na wengine kwa kunung'unika, kwa nini hazikwi nyumbani karibu na mama yake, ambako njia ni rahisi na jeneza lisingewachubua watu mabega. Jibu limo ndani ya maisha yake, na ndiyo maana yanasomwa leo bila kuruka kitu. Anayewasomea ni mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1958, chini ya mlima huu, katika nyumba ya udongo iliyokuwa pale ambapo sasa pana mashine ya kusaga. Alikuwa mtoto wa pili wa mhunzi wa majembe na mkewe mkulima. Mbele yake alizaliwa dada yake, ambaye ametangulia, na nyuma yake akafuata mdogo wake, mpasua mbao, ambaye tuko naye hapa. Wakati ule msitu ulishuka hadi nyuma ya jiko. Mama yao alikuwa akikata kuni bila kuondoka kwenye kivuli cha paa lake, na usiku watoto wakilala walisikia maji ya chemchemi yakipita kwenye mawe. Marehemu alizoea kusema kwamba sauti ile ya maji aliijua kabla hajajua majina ya watu. Ilikuwa zamu yake pia, miaka mingi baadaye, kuwa mtu wa kwanza kugundua kwamba haisikiki tena.

Alianza shule ya msingi akiwa na miaka minane. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye kichwa kizuri na miguu iliyojaa mikwaruzo, kwa sababu kila baada ya misimu michache shamba la mama yake lilichoka na ilibidi lihamie juu zaidi, ndani ya miti. Yeye ndiye aliyebeba shoka. Siku moja, wakiwa wanapumzika juu ya mti waliouangusha, alimuuliza mama yake, msitu ukiisha watahamia wapi. Mama hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto. Alimwambia, "Wewe soma, halafu uje utuambie." Maneno hayo aliyasema kwa kumtania tu, ili wanyanyuke waendelee na kazi. Lakini mtoto aliyabeba, akayapeleka sekondari, akayapeleka chuo cha kilimo, na mwaka 1980 alipopata stashahada yake alirudi nayo nyumbani akijua, au akidhani anajua, kile atakachowaambia.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa bwana shamba, akapangiwa bonde hili hili. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mbolea. Meza ilikuwa na mguu mfupi uliowekewa tofali, dirisha lilipangwa chupa za udongo wa kila shamba, na harufu ya mbolea ilimfuata hadi kitandani. Kwenye msumari nyuma ya mlango ilining'inia kamba yake ya kupandia, yenye mafundo, ambayo ilimpa jina. Aliivuta kutoka ncha moja ya shamba hadi nyingine, na kwenye kila fundo mbegu ikaingia. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi mmoja alimwambia mahindi hayajui kusoma, sasa ya nini kuyapanga foleni kama wanafunzi. Marehemu hakubishana naye. Alimwomba nusu ya shamba ampangie, nusu nyingine amwage mbegu kama alivyozoea. Wakati wa mavuno bibi yule alimwita mwenyewe, akamkabidhi jembe, akamwonyesha ile nusu nyingine. Tangu siku hiyo akawa Bwana Mistari, na wengi mliopo hapa jina lake la nyumbani mmelisoma kwa mara ya kwanza kwenye jalada la karatasi mlizoshika.

Alichowaambia watu kilikuwa kifupi na hakikubadilika. Limeni padogo, mvune pakubwa, juu tuache miti itushikie mlima na itupe maji. Alikiamini kwa moyo wote. Kwa hesabu yake, mtu akishiba kwenye shamba lake la chini hatakuwa na sababu ya kupanda na shoka. Wazee walimwelewa, na mwaka 1986 wakakubaliana kuweka mpaka kati ya mashamba na msitu. Marehemu ndiye aliyechagua mmea wa kuuweka mpaka ule, na alichagua mnyaa. Alikuwa na sababu zake: mbuzi hawauli, ukame hauuui, na ukikata kijiti tu ukakichomeka ardhini kinashika, hata kama umekichomeka kwa uvivu. Tunaomba mkumbuke sababu hiyo ya mwisho.

Siku ya kupanda walikusanyika kwenye jiwe kubwa lililokuwa ukingoni mwa msitu, lile ambalo juu yake panatosha watu kukaa na kula. Vijiti vilirundikwa hapo, marehemu akavuta kamba yake kuvuka mlima, na mstari ukapandwa ukanyooka vizuri. Katika furaha ile alijisahau, akajifuta jasho kwa mkono uliojaa utomvu wa mnyaa. Ninyi mnaoujua utomvu ule mnajua kilichofuata. Jicho lilimwaka moto, la pili likafunga kwa kuogopa la kwanza, na Bwana Mistari akabaki anapapasa mbele ya watu aliokuja kuwaonyesha njia. Binti mmoja fundi cherehani, aliyekuwa amewaletea maji ya kunywa, alimshika mkono akamshusha mlima mzima hadi kwao, akamwosha jicho kutwa, akamfunga kwa kitambaa alichokata kwenye gauni la mteja. Mteja alilalamika. Marehemu alikwenda kuomba radhi kwa mteja, kisha kwa binti, kisha kwa wazazi wa binti, na radhi zile zikawa posa.

Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1987. Mjane wetu amesema kwa miaka yote kwamba alichumbiwa na mtu aliyemwona kwa jicho moja, na kwamba angeyafungua yote mawili labda mambo yangekuwa mengine. Marehemu naye alijibu kila mara kwamba jicho lile moja lilitosha. Chumba chao cha mbele kilikuwa nusu sebule, nusu karakana: cherehani dirishani, vitambaa kitini, na wageni wakikalia pindo za sare za shule. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa muuguzi, wa pili dereva wa lori, na wa tatu, kitindamimba, yuko chuoni. Hatukuwahi kumsikia marehemu akimwinulia mkewe sauti, na si kwa sababu hakuchokozwa.

Miaka iliyofuata ndiyo ambayo wengi mnaikumbuka kwa raha. Mbegu bora zilikuja, mbolea ikaja, mahindi yakasimama kwenye mistari yake, na mabati yakaanza kung'aa bonde zima. Watoto walikwenda shule wakiwa wamevaa viatu. Jamaa waliokuwa wamehamia mijini walisikia, wakarudi, na wengine walikuja ambao hawakuwahi kuwa na jamaa hapa. Marehemu aliitwa kwenye semina, akapewa cheti kilichotundikwa juu ya cherehani. Na kila mwaka, mvua zikikatika, alipanda kukagua mpaka. Aliukuta ua wa minyaa umesimama, umenawiri, hauna hata pengo moja la kupitisha mbuzi. Alirudi ofisini ameridhika, akaripoti kwa wakubwa zake kwamba mpaka uko salama. Hakusema uongo. Ua ulikuwa salama kabisa.

Mwaka 2009, wakati wa kiangazi, alilala nyumbani kwake akaamka akijisikia kama mtu aliyesahau kitu. Alimaliza kunywa chai kabla hajatambua ni nini. Maji hayasikiki. Alimuuliza mkewe, mkewe akatega sikio, kisha akasimamisha cherehani, na bado hayakusikika. Marehemu alivaa mabuti akatoka. Huko juu chemchemi ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekonda, inatambaa kwenye tope jekundu. Alikaa karibu nayo kutafuta pumzi, na akiwa pale akatamani kwenda kukaa kwenye jiwe lake, lile la siku ya kupanda, lililokuwa kivulini ukingoni mwa msitu.

Alilitafuta kwenye ua hakuliona. Alifuata ua kutoka upande hadi upande, akajilaumu kwamba uzee umeanza mapema. Mwishowe alikata shauri kushuka, na alipokuwa anashuka katikati ya mahindi, mbali sana chini, alijikwaa. Lilikuwa jiwe lile lile, jua limeliwakia, mtu ameanika nguo juu yake, na hatua chache tu kando yake palikuwa na choo cha nyumba ambayo hakuwa na habari nayo. Alikaa juu ya nguo za watu akageuka kutazama alikotoka. Ua wa minyaa ulikuwa kule juu, umenyooka, kijani kibichi, kana kwamba umekuwa pale tangu dunia iumbwe. Hapo ndipo alipoelewa. Kwa miaka ishirini na zaidi alikuwa akienda kuuliza kama ua uko hai. Hakuwahi kuuliza uko wapi.

Alizunguka nyumba kwa nyumba, bila ukali, akiuliza. Na jambo linalosikitisha ni kwamba hakuna aliyemficha. Kila mtu alikuwa ameusogeza kidogo tu. Mmoja alisogeza mwaka wa harusi ya binti, mwingine alipopata mapacha, mwingine kwa sababu jirani alikuwa amesogeza na mstari ukawa umepinda, naye hakupenda kuona mstari wa Bwana Mistari umepinda. Ilikuwa kazi ya dakika chache: unakata kijiti, unakichomeka mbele, mvua inafanya mengine, na msimu wa pili unang'oa cha zamani. Yule bibi wa foleni ya wanafunzi alikuwa ameshafariki, lakini binti yake alimkaribisha marehemu kwenye kigoda akamwambia bila kumung'unya maneno.

"Bwana Mistari, zamani tulikuwa tunalima huku juu kwa sababu ya njaa, na njaa ikipita tunapaacha panaota. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba shamba linalipa. Sasa shamba likilipa, nani ataliacha dogo?"

Marehemu alimshukuru. Alikwenda nyumbani, akavua cheti ukutani juu ya cherehani. Mkewe alisogeza tu kiti chake akamwekea karibu. Marehemu alituambia baadaye kwamba katika maisha yake hakuna mtu aliyemsomesha kwa maneno machache kama yule mama, na kwamba chuo hakikumfundisha hilo kwa sababu chuo hakikuwa na mlima.

Mwaka 2011, mwezi wa nne, mlima ulijibu. Mvua ilinyesha mfululizo, na shamba moja la juu, zuri, lenye mistari iliyonyooka kupita yote, liliteleza likiwa zima, mahindi yakiwa bado yamesimama juu yake, likaja kuegemea mashine ya kusaga. Mlinzi alitoka bila viatu. Zizi la mbuzi halikutoka. Wote mliosaga unga pale mnaujua ufa uliobaki ukutani, unaopitisha mkono. Umezibwa kwa saruji mara nyingi, na kila mvua inaporudi nao hurudi. Marehemu alikwenda akasimama mbele ya tope lile siku nzima na kofia mkononi, juu ya mahali alipozaliwa, na watu waliomwona walifikiri anaomba.

Baada ya hapo alifanya kazi ya kuifanyia kazi yake marekebisho, na ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa alikuwa anawaomba watu warudishe. Alianza na shamba lake. Sehemu yake ya juu, ambayo mkewe aliipanda maharage, aliifuta akapanda miti ya asili. Mjane wetu ametupa ruhusa kusema alichomwambia siku hiyo. Alimwambia, "Umewafundisha wote kushiba, sasa njaa unataka uanze nayo kwangu." Kisha akafunga cherehani, akapanda naye, akachimba mashimo hadi jioni huku amenuna. Miti hiyo leo inawapita watu urefu, na mjane wetu huiita mitoto yake ya kununa.

Alifundisha makinga maji, yaani matuta yanayofuata mkunjo wa mlima, na kamba yake yenye mafundo ikabidi ijifunze kupinda. Alifundisha iliki na kahawa chini ya kivuli, ili mti uliosimama umlipe mtu kuliko mti ulioanguka. Alikaa na kina mama wakatundika mizinga ya nyuki, na kikundi kile kimeshusha ua wao chini wenyewe, bila kushurutishwa na mtu, na asali yao imewasomesha watoto ambao mahindi hayakuwasomesha. Kuna nyumba nyingine zilizowafuata, nanyi mnajijua. Marehemu aliwataja mara nyingi, kwa fahari, kwa sababu ninyi mlimwonyesha kwamba kosa lake halikuwa kuwashibisha watu. Lilikuwa kudhani mtu aliyeshiba hatatamani kitu kingine. Alistaafu mwaka 2018 na hakuacha kazi hata siku moja.

Lakini kipande hiki cha mwisho, kilicho nyuma ya mgongo wa anayesoma, kilibaki kikimnyima usingizi. Hii ndiyo miti iliyoshikilia chemchemi na kichwa cha mlima. Ikiondoka, kilichotokea kwenye mashine kitakuwa mchezo wa watoto, na nyumba zote mlizotoka asubuhi ya leo ziko kwenye njia ya udongo huo. Mwaka jana aliona ufa mpya umekatiza shamba lililo chini ya hapa tuliposimama. Hakupiga kelele. Alilaza bua la mahindi juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo, akamwita kila aliyepita alione. Kiangazi kilipoisha bua lilikuwa limetumbukia, naye akalaza lingine refu zaidi. Hilo nalo halipo.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 2022. Moyo ulikuwa umepanuka, miguu ikavimba, na daktari akamkataza kupanda mlima. Mkewe alimficha mabuti, marehemu akapanda na ndala. Mwishoni mwa mwaka jana mkewe akamficha ndala pia, na marehemu akawa anakaa mlangoni anautazama mlima kwa hasira ya mtu aliyenyang'anywa ufunguo wa nyumba yake. Mwaka huu, mwezi wa pili, alilazwa. Kitanda chake kilikuwa dirishani, na kwa bahati ambayo hatujui kama ilikuwa njema, dirisha lilitazama huku. Kila aliyeingia na matunda aliulizwa kwanza habari za ua, ndipo aliposalimiwa.

Ni kwenye kitanda hicho ndipo palipofanyika mazungumzo ambayo familia imekubaliana yasomwe. Mdogo wake alikwenda kumtembelea, nao walipendana sana, kwa hiyo hawakuzungushana. Mpasua mbao alimweleza kwamba ukoo umekaa, na kwamba kipande cha juu kinapaswa kufunguliwa na kugawanywa. Hakusema kwa tamaa. Alisema vijana wake wanne wameoa, hawana pa kuchomeka jembe, na kwamba yeye hawezi kuwaambia wajukuu wake wale kivuli. Marehemu alimsikiliza hadi mwisho na hakumwambia kwamba amekosea, kwa sababu hakuwa amekosea. Alimwambia ayachukue makinga maji yake yote ya chini, yale yenye kahawa na iliki, awagawie vijana wale, kwa kuwa watoto wake mwenyewe wana kazi zao na wamekubali. Mbele ya mkewe na binti yake muuguzi alimkabidhi mashamba hayo, kaka kwa mdogo wake, na mdogo wake akalia.

"Basi juu tutapaacha, kaka," alisema.

"Wewe utapaacha," marehemu alijibu. "Wengine watasogeza kidogo tu. Ndiyo maana nataka mnizike pale pale kwenye mstari. Mnyaa unang'oleka. Kaburi hamtaling'oa, na jembe hamtalipitisha juu ya mtu mnayemjua."

Mdogo wake alimkumbusha kwamba kule ni mbali, mteremko ni mkali, nani atampandisha. Marehemu alicheka hadi akakohoa, akasema watu hawa wamekuwa wakipandisha ua mzima wa minyaa kwa miaka yote ile bila kulalamika, yeye mmoja hatawashinda.

Aliaga dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, jua likiwa limeshachomoza, mkewe akiwa amemshika mkono ule ule aliomshusha nao mlima zamani. Binti yake muuguzi alikuwa anambadilishia mto. Alifumbua macho akauliza kama mvua imeanza. Binti akamwambia bado, mawingu tu. Akasema, "Basi mna muda." Hakusema tena neno lolote, na sisi tumejaribu tangu siku hiyo kuyasikia maneno hayo kama faraja, na hatujaweza.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake mpasua mbao na familia yake, wapwa, na kamba moja yenye mafundo ambayo imewekwa pamoja naye kwenye jeneza. Ameacha pia miti ya kununa, mizinga ya kina mama, na bonde zima la watu walioshiba kwa mikono yake.

Karatasi mlizoshika zinaishia hapo. Yafuatayo hayamo, kwa sababu zilichapwa juzi, na haya yametokea leo. Familia imekaa pale pembeni ikakubaliana yasemwe, na mdogo wa marehemu ndiye aliyesema kwa nguvu kuliko wote kwamba yasifichwe.

Jana vijana walichimba kaburi hili kwenye mstari wa ua, kama marehemu alivyoagiza, wakashuka nyumbani kwenye matanga pamoja nasi wote. Leo asubuhi walipopanda kulimalizia, walikuta kaburi liko chini ya ua. Juu yake, ndani ya msitu, pamechomekwa safu ya vijiti vya minyaa kutoka upande huu hadi ule. Vimenyooka. Vimekatwa usiku wa kuamkia leo, na utomvu bado unachuruzika. Mkiinua macho nyuma ya anayesoma mtaviona. Aliyevipanda hakungoja mzee aingie ardhini, na wala hakuhitaji kupitisha jembe juu yake. Amemzunguka tu. Mdogo wake alipoviona aliomba panga, kisha akalirudisha, akasema tuviache hadi watu wote wavione, ndipo kila mtu atakayeshuka ang'oe kimoja kwa mkono wake. Tunawaomba mfanye hivyo kabla hamjashuka. Mawingu mnayaona wenyewe.

Hatutauliza ni nani. Pengine si mmoja. Tunajua kwamba tuko naye hapa, kwa sababu hakuna nyumba iliyobaki na mtu leo, na tunajua kwamba alimpenda marehemu, kwa sababu wote mlimpenda. Inawezekana amebeba jeneza. Inawezekana hivi sasa analia, na analia kweli. Kwa ajili ya mtu huyo, na kwa sababu marehemu asingependa limpate mwingine lililompata yeye, mjane anaomba neno moja lisemwe: asijifute machozi kwa mkono ule.

Bwana Mistari, umefika kwenye mpaka wako. Pumzika kwa amani hapa hapa, na usipitwe.